Mfupa wa Mtoto wa Watu

Robinvale, Australia,
Novemba, joto limeanza.

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima yote inayokustahili, na kupitia kwako nawaamkia wote walio chini ya paa la nyumba yetu hapo Faleloa. Goti lako linaendeleaje? Dada Taufa aliniambia kwamba siku hizi unakwenda kanisani kwa gari la Mosese, na kwamba hulipendi kwa sababu linanuka nguruwe. Vumilia, Mama. Afadhali harufu ya nguruwe kuliko kuanguka njiani na Biblia mkononi. Mashelisheli yamezaa mwaka huu? Na ule uzio wa upande wa bahari, umekwisha kutengenezwa au bado watu wanaahidi tu?

Mimi mwanao ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Mizabibu imechanua na sasa tunaifunga kwenye nyaya, kazi ya kusimama kutwa nzima mikono ikiwa juu, jioni mabega yanakuwa kama si yako. Wenzangu wote wanakusalimu. Watoto wa marehemu kaka Lisiate wanakua vizuri. Yule mkubwa, Luseane, amekuwa mrefu ghafla, na anapocheka anafumba jicho moja kama baba yake, hata wakati mwingine inabidi nigeuke nitazame pembeni.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu simu ya nyumba yetu ni ya kijiji kizima. Ukisema jambo sebuleni, jikoni wameshalijibu. Barua hii inakuja kwa mkono wa Kepueli, anayerudi kwetu Ha'apai baada ya msimu kwisha. Nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote. Ukiipokea, nakuomba uvae miwani yako, ukae mahali palipotulia, uisome peke yako kwanza. Baada ya hapo uamuzi ni wako.

Nianze na jino, maana habari zote zimetoka kwenye jino.

Unalikumbuka jino langu la mbele, la juu, upande wa kushoto. Lile lililong'oka nilipokuwa kijana, siku tuliyocheza raga na vijana wa Pangai. Nilirudi nyumbani nimelishika mkononi, mdomo umejaa damu, na wewe ukalisuuza kwa maziwa, ukalirudisha shimoni kwa kidole chako huku unanitukana mimi, mpira, na Pangai yote. Basi jino hilo limeishi tangu wakati ule. Mwaka huu, baridi ilipoanza, ufizi wake ukavimba, ukawa unatoa usaha. Nikasukutua maji ya chumvi, nikameza vidonge, ukapungua, ukarudi. Nilipopuliza tarumbeta kwenye mazoezi ya bendi ya kanisa nilihisi jino linacheza kama kigingi kwenye mchanga.

Nikaenda kwa daktari wa meno kule Mildura. Ni mwanamke bado kijana, anaitwa Marchetti, babu yake alikuwa analima zabibu huku huku. Akapiga picha, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza ni daktari gani aliyenirudishia jino hilo. Nikamwambia ni mama yangu, kwa kidole. Akasema kazi ile ilikuwa nzuri, kwamba meno mengi yaliyorudishwa hata na wenye vyeti hayadumu hivyo. Nilidhani utapenda kuisikia hiyo.

Lakini akasema pia kwamba mzizi umepasuka na jino haliokoki. Halafu akanieleza jambo nililokuwa silijui. Mfupa wa taya, alisema, unakaa pale kwa ajili ya jino. Jino likiondoka, mfupa unajiona hauna kazi, unaanza kunywea, na kwa mbele pale unanywea haraka zaidi kwa sababu ukuta wake ni mwembamba kama ganda la yai. Ukiacha shimo wazi, baada ya miezi kadhaa taya inakuwa imebonyea, na siku ukitaka kupandikiza jino jipya, ile skrubu inayolishika haina pa kukaza. Kwa hiyo siku hiyo hiyo ya kung'oa wanasafisha shimo, wanalijaza chembechembe za mfupa, wanafunika na kushona. Mfupa wako unapata kitu cha kushikilia. Halafu mnasubiri. Kazi hiyo yeye aliiita kuutunza mfupa.

Nikamuuliza kama sitaweza kupiga tarumbeta. Akasema kwa muda huo wote hapana, nisibane kitu chochote pale. Mama, nilinyong'onyea. Mkutano mkuu wa kanisa ulikuwa unakaribia na mimi ndiye wa kwanza kwenye tarumbeta. Nilipomwambia Kaveinga, mwalimu wetu wa bendi, alinitazama kama nimemwibia. Kisha akasema, "Basi utapiga ngoma. Ngoma haitaki meno."

Sasa, nikamuuliza daktari hizo chembechembe ni za mfupa wa nini. Akasema ziko za aina mbili anazotumia. Kuna za ng'ombe, na kuna za binadamu. Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia bila haraka, kwamba ni za watu waliofariki, ambao wao wenyewe au jamaa zao walikubali kutoa. Zinasafishwa, zinakaushwa, zinawekwa kwenye kichupa, hazina jina. Akasema zote mbili zinafanya kazi, nichague mwenyewe, nimjulishe.

Nikamwambia pale pale anipangie ng'ombe.

Ijumaa tukiwa tumezunguka bakuli la kinywaji chetu cha kava niliwasimulia wanaume, na unajua wanaume wa kava. Mmoja akasema nikiwekewa wa ng'ombe nitaanza kulia kama ndama katikati ya wimbo wa kwaya. Mwingine akasema afadhali ng'ombe, maana nikiwekewa wa mtu ambaye alikuwa hajui kuimba nitaiharibu bendi nzima. Tulicheka hadi bakuli likasahaulika. Nikajiona nimepata hadithi nzuri, nikaibeba hadi kwa shemeji Seini Jumapili baada ya ibada.

Kila Jumapili nakula kwake, Mama. Najua hujaniuliza, lakini nakwambia. Tangu kaka afariki, ananipikia mimi na vijana wengine wawili watatu wasio na wake, anafunga nyama kwenye majani ya magimbi na tui la nazi kama vile unavyofunga wewe. Anafanya usafi kwenye shule asubuhi, mchana anapanga zabibu kwenye maboksi, na Jumapili bado anasimama jikoni. Siku hiyo tulikuwa wengi mezani. Nikasimulia habari za jino, nikasimulia na vichekesho vya kava, na mwisho nikaongeza changu. Nikasema, "Nimemwambia daktari, mimi Mkristo, siweki maiti mdomoni."

Wote wakacheka. Seini hakucheka. Aliinuka, akakusanya sahani wakati watu walikuwa bado wanakula, ya kwangu ikiwemo, akaenda kuzisuuza. Kijana mmoja akanong'ona kwamba labda nimemkumbusha marehemu. Nikamfuata jikoni kumwomba radhi. Hakugeuka. Alisema kwa sauti ya chini, "Unamwita maiti. Yule ni mtoto wa watu, Peni." Basi. Nikaona nimefanya kosa la kutaja kifo mbele ya mjane, nikaondoka.

Wiki hiyo hiyo alinifuata shambani. Tulikuwa tunapogoa, baridi imeshika, ukungu haujatoka vizuri kwenye mto. Niliona gari lake limesimama mwisho wa mstari, naye ndani, hashuki. Nikaenda. Akanifungulia mlango wa upande wa pili, akaniambia nikae. Nilidhani mtoto anaumwa. Alikaa ameshika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu anayeendesha, na gari limezimwa.

Mama, sasa naomba kama hujaketi, keti.

Unajua jinsi kaka alivyoanguka. Alikuwa anakata zabibu, akasema kichwa kinamuuma, akachuchumaa, hakuinuka tena. Ndege ikampeleka Melbourne, Seini akaenda naye, mimi nikabaki na watoto. Yaliyotokea kule hospitali nimeyasikia kwa mara ya kwanza ndani ya gari lile. Madaktari walimwambia Seini kwamba ubongo umekufa na kinachopumua ni mashine. Akaomba apewe nafasi ya kuomba dua. Alipomaliza, nesi mmoja akaja akaketi karibu naye, akamwambia kwamba jina la Lisiate lipo kwenye orodha ya watu waliosema wakifa wasaidie wengine kwa miili yao. Alikuwa amejiandikisha mwenyewe, zamani. Lakini hawachukui kitu bila kuwauliza wa nyumbani.

Seini aliijua habari hiyo. Alikuwepo siku ilipoanza. Aldo, msimamizi wetu wa shamba, alikuwa na binti aliyepata uvimbe kwenye mfupa wa mguu. Madaktari walikuwa wanataka kuukata mguu. Mwisho wakatoa kipande kibovu wakaweka cha mtu aliyefariki, na mguu ukabaki. Kaka alikwenda kumwona yule binti hospitalini, akampelekea zabibu, akamkuta anajifunza kutembea huku ameshika ukuta. Aliporudi nyumbani alikula kwanza. Kisha akasema, "Seini, mimi nikifa, wachukue. Wachukue wanachotaka." Seini akamtania, akamwambia, "Utafika mbinguni huna miguu, watakufungia mlango kwa kuchelewa." Kaka akacheka, lile jicho likafumba. Halafu akasema tena, safari hii bila kucheka, "Ila usimwambie Mama. Atanililia mara mbili."

Kwa hiyo nesi alipouliza, Seini alikuwa ameshapewa jibu na Lisiate mwenyewe. Moyo na figo alikubali mara moja. Macho alikubali. Ilipofika mifupa ya miguu, aliniambia, nesi alimshika mkono, akamwambia anaweza kukataa. Seini akamkumbuka yule binti aliyeshika ukuta. Akauliza kitu kimoja tu, kama Lisiate ataweza kuvalishwa nguo zake na kufungwa mkeka wake wa heshima kiunoni, akalazwa mbele ya watu wake. Nesi akamhakikishia. Akasema mahali pa mifupa wataweka kitu kingine, miguu itanyooka, na kwa kutazama hakuna atakayejua.

Kwa kutazama, Mama. Hakuna aliyesema lolote kuhusu kugusa.

Nadhani sasa umekwisha kufika mwenyewe, kabla sijakufikisha. Siku tulipomleta Faleloa kuzikwa, jeneza lilipofunguliwa sebuleni, ulikuja na chupa yako ya mafuta, yale uliyoyatengeneza kwa maua, ukaomba wainue mkeka umpake kuanzia magotini hadi nyayoni kama ulivyompaka alipokuwa mchanga. Na Seini akasimama katikati. Akakushika mkono mbele ya watu wote, mkwe akamshika mama mkwe mkono, akasema uso tu, miguu hapana. Ulimuuliza kwa nini. Hakujibu. Ulimuuliza tena, akatazama chini. Shangazi Fusipala, aliyekuwa ameketi upande wa kichwa cha marehemu kama ilivyo haki ya shangazi, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia, "Mwache. Huyu ameishi Australia hadi anaona mikono yetu michafu." Wewe ukaweka chupa chini, ukatoka, ukasimama nyuma ya jiko hadi nyimbo zilipoanza. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa shangazi siku ile. Sote tulikuwa.

Ndani ya gari nilimuuliza Seini kwa nini hakusema hata neno moja, hata kwangu. Nitakuandikia alivyosema, maana siwezi kusema vizuri zaidi yake. Alisema, "Mama yako ameuzaa mguu ule. Ameukanda, ameuosha, ameutoa miiba. Mkono wake ungefika pale angejua papo hapo. Angemzika mwanawe anawaza kisu. Nikaona bora anichukie mimi." Nikamwambia kwamba wewe, Mama, umemchukia kweli. Akasema, "Najua. Mikeka ya zawadi inakuja kwa watoto, salamu zinakuja kwa watoto. Mimi napita pembeni kama upepo. Si kitu." Lakini aliposema si kitu alishindwa kuendelea, akaegemeza kichwa kwenye usukani.

Mama, sikujua la kufanya. Mke wa kaka yangu analia, na mimi nimeketi na mkasi wa kupogolea mapajani. Nilichoweza ni kukaa. Aldo alitokea mwisho wa mstari, akatuona, akageuka akaenda zake.

Siku zilizofuata nilimkasirikia kaka. Nakwambia kweli. Nilimkasirikia kwa kumwachia mkewe mzigo wa namna hiyo na kwenda zake. Baadaye nikamkasirikia kwa jambo jingine, kwamba alilifanya peke yake, jambo kubwa hivyo, na hakuniona mtu wa kuambiwa. Tulilala kitanda kimoja miaka yote ile, mkeka mmoja, chandarua kimoja. Nilikwenda nikaketi ukingoni mwa mto, nikajaribu kumkumbuka anatembea, nikagundua kwamba namkumbuka miguu kuliko uso. Alikuwa na kovu la msumeno chini ya goti la kulia. Unalijua. Nikawa najiuliza ngozi ile ilibaki au haikubaki, na sikuwa na mtu wa kumuuliza, na sasa najua nisingeuliza hata kama angekuwepo.

Nikampigia daktari, nikamwambia sitaki ng'ombe tena. Nikamwambia aniwekee wa binadamu. Hakuniuliza sababu. Alisema sawa, akapanga siku.

Siku ya kung'oa, kabla hajanipiga sindano ya ganzi, niliomba nikione kile kichupa. Msaidizi wake akaniwekea kiganjani. Ni kidogo, Mama, kidogo kuliko chupa ya dawa ya macho, na ndani yake kuna kitu cheupe kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Nje pana namba tu. Nilimuuliza daktari kama kuna njia ya kujua ni wa nani. Akasema hakuna, na hata yeye hajui, anachojua ni kwamba alikuwa mtu na kwamba alitoa. Nilitaka kumuuliza kama yawezekana ukawa wa mtu aliyeanguka shambani Robinvale wakati wa zabibu. Swali lilinifika kwenye ulimi nikalimeza. Nilijua atasema haiwezekani, au atasema hajui, na yote mawili nisingeyaweza siku ile.

Nikamwomba dakika moja. Nikafumba macho, nikaomba kwa Kitonga, kwa sauti, kichupa kikiwa mkononi. Sikumwombea aliyekufa, maana yeye ameshafika. Nilimwombea mama yake, popote alipo, kama yu hai, kama anajua au hajui. Nilipofumbua nikakuta daktari na msaidizi wake wameinamisha vichwa, ingawa hawakuelewa hata neno.

Jino lilitoka vipande viwili. Sikusikia maumivu, nilisikia tu kuvutwa, na sauti kama mtu anang'oa nyasi. Akasafisha shimo hadi nikadhani amefika kwenye jicho. Halafu akachanganya zile chembe na damu yangu mwenyewe kwenye kibakuli, akazijaza kidogo kidogo, anashindilia taratibu kama unavyoshindilia udongo kwenye mche. Akafunika kwa kitu laini mfano wa karatasi, akashona. Akaniambia nisivute, nisisukutue kwa nguvu, nisipulize chochote. Nikala uji na supu hadi nikachukia vijiko. Kwenye mkutano wa kanisa nilipiga ngoma, na Kaveinga alisema nimechelewa kila mahali.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo nilikwenda kwa Seini kama kawaida. Mdomo umevimba, siwezi kutafuna, ameshanitengenezea viazi vikuu vilivyopondwa na tui. Watu walipotoka na watoto wakaenda kucheza nje, nilimwambia nimechagua nini. Alikuja akaweka mkono wake shavuni pangu, hapa, juu ya uvimbe, akauliza kama panauma. Nikasema panauma kidogo. Akaacha mkono hapo, akalia, na safari hii hakuficha uso. Tangu mazishi sikuwahi kumwona analia hadi mwisho, mpaka akanyamaza mwenyewe. Alipomaliza aliuliza kama nataka viazi zaidi.

Juzi nimerudi kwa daktari. Ameniambia mfupa umeshika, taya haijabonyea, mwezi ujao ataweka skrubu na baadaye jino. Alinionyesha picha. Nilimwomba anionyeshe ni sehemu gani iliyo yangu na ni ipi ya yule mtu. Akaisogeza picha, akaipanua, akasema mpaka hauonekani. Mwili wangu, alisema, unazimeng'enya zile chembe polepole na kujenga wangu mahali pake, kwa hiyo itafika siku hakutakuwa na hata moja iliyobaki. Lakini bila yeye, pale pangekuwa shimo. Niliondoka nikakaa garini muda mrefu. Nilifikiri juu ya watu wanaotembea mahali fulani katika nchi hii, watoto labda, na ndani ya miguu yao mfupa wa Lisiate unamalizika taratibu na wao wanaendelea kutembea. Sijui kama hilo ni faraja. Siku nyingine ni faraja. Siku nyingine natamani tu tungemzika mzima.

Mama, hajaniomba nikuandikie. Nilipomuuliza, alisema, "Wewe ndiye mtoto wake, mimi nimechoka kubeba. Ukiona umwambie, mwambie." Nimekaa na maneno hayo tangu baridi hadi sasa. Kaka aliniachia watoto wake nao ni wazima, lakini mke wake anaishi kama mtu aliyefanya uovu, na uovu wenyewe haupo. Nikaona kaka atanisamehe kwa kukuliza mara ya pili.

Mwezi ujao Seini analeta watoto wakae nawe Krismasi. Amekwisha kuulizia chumba kwenye nyumba ya wageni kule Pangai, alale huko yeye peke yake, watoto walale kwako, ili asikuudhi. Asubuhi atakuja kufagia kaburi la mumewe wakati wewe uko kanisani, kisha atarudi. Ndivyo alivyopanga. Hajalipia bado. Nimemwomba asubiri, nikamdanganya kwamba bei itashuka.

Kwa hiyo nakuomba, ukimaliza kusoma na ukimaliza kulia, usinijibu mimi. Mimi sina ninachongoja. Mpigie yeye, hata kama jikoni watasikia.

Nisalimie dada Taufa, mwambie zile picha alizoomba Kepueli anazo. Nisalimie wajomba, na mchungaji na mama mchungaji. Kwa shangazi Fusipala nafikisha heshima zangu zote kama inavyonipasa. La kumwambia na la kutomwambia nakuachia wewe. Pita kwenye makaburi uwasalimie baba na kaka, uwaambie mchanga mweupe wa juu ya makaburi nitatuma pesa za kuubadilisha kabla ya Mwaka Mpya. Mungu akupe nguvu za goti na za moyo. Nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi mwanao, mdogo wake Lisiate,

Penisimani